Kioo Kimoja, Makosa Mawili: Mashine ya Kutotolesha Iliyosoma 37.7 Kila Siku

Kisa hiki ni cha mashine moja ya kutotolesha vifaranga mkoani Iringa, iliyoharibu awamu mbili mfululizo kwa sababu zinazopingana. Awamu ya kwanza mayai yalipata baridi. Awamu ya pili yalizidiwa na joto. Na muda wote huo kioo cha kidhibiti joto kilisoma nyuzi 37.7, usiku na mchana, bila kuyumba. Nimeona nikiandike chote kwa sababu wafugaji wengi wanaoniita huanza na maneno yaleyale: "Fundi, joto liko sawa, tatizo ni mayai." Mwenye mashine hii naye alianza hivyohivyo, na alikuwa ameshamchinja jogoo mmoja akidhani ndiye mwenye kasoro.

Mashine yenyewe ni ya kawaida. Sanduku la mbao lililotandikwa povu ndani, trei za mayai mia mbili na kitu, feni ndogo, balbu za kupasha joto, beseni la maji, na kidhibiti cha bei nafuu chenye waya mrefu unaoishia kwenye kikofia cha chuma. Ndani ya kikofia hicho ndimo ilimo sensa, yaani kihisi cha joto. Mama huyu anafuga kuku chotara, na miezi ya joto mashine ilikuwa ikimtolea vifaranga vizuri tu. Mwezi Juni, kabla ya kuanza awamu mpya, aliisafisha yote kwa dawa ya kuua vijidudu. Kikofia cha sensa akakichovya kwenye ndoo ya dawa, kikalala humo hadi asubuhi. Jambo hilo hakulitaja mpaka nilipomuuliza, na kusema kweli hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lina madhara.

Awamu ya kwanza, siku ya 21 ilifika kimya. Hakuna yai lililotobolewa. Siku ya 22 jioni ndipo machache yakaanza, na ya mwisho yalitoka siku ya 23. Vifaranga vilikuwa na matumbo makubwa laini, vinayumba, vingine havikusimama kabisa. Mayai yaliyobaki alipoyapasua alikuta vifaranga kamili vimefia ndani, kiini cha njano bado kiko nje ya tumbo.

Akaitwa fundi wa kwanza. Alikuja asubuhi, mashine imezimwa, chumba kina nyuzi 20. Akaweka kipimajoto chake kando ya sensa, akaona kidhibiti kinasoma 22.2. Akaingia kwenye mipangilio, akapunguza 2.2, kioo kikasoma 20 sawasawa, akalipwa, akaondoka. Kwa mtu anayetazama harakaharaka, kazi ile haina dosari: umepata kosa, umelipima, umeliondoa.

Awamu ya pili ikaanza kutoboa siku ya 19. Vifaranga vidogo, vitovu havijafunga, vingine vina damu. Kisha ukimya. Zaidi ya nusu ya mayai yaliyokuwa hai yalipomulikwa siku ya 18 hayakutoka, na mengi yalipopasuliwa yalionyesha kifaranga kilichokamilika ambacho hakikupata hata nafasi ya kutoboa. Katikati ya awamu hiyo, karibu siku ya 16, mama alikuwa ameshika yai akaligusisha kwenye kope la jicho, kama alivyofundishwa na mama yake alipokuwa akiangalia mayai chini ya kuku, akampigia fundi simu: "Mwanangu, haya mayai yanachoma." Akajibiwa asibishane na kioo.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudisha lile sahihisho kwenye sifuri. Sikutaka kupima kosa juu ya kosa. Kisha nikaomba barafu.

Hapa inabidi nieleze sensa ni nini, maana kila kitu kinaegemea hapo. Ndani ya kikofia kuna thamista, kidonge kidogo cha oksidi za metali kama manganizi, nikeli na kobalti, zilizochomwa pamoja mpaka zikawa kauri. Kwa waya wa shaba au platini, joto likipanda ukinzani wa umeme unapanda. Thamista ya aina hii ni kinyume: joto linaachia chembe za umeme zilizokuwa zimeshikiliwa, na ukinzani unashuka. Michael Faraday aliliona jambo hili mwaka 1833 kwenye salfidi ya fedha, akashangaa kwa sababu halikufanana na metali yoyote. Kidhibiti hakijui joto. Kinachojua ni ukinzani, halafu kinautafsiri kuwa nyuzi kwa kutumia jedwali lililowekwa na aliyekitengeneza.

Na ukinzani huo haushuki kwa hatua zilizo sawa. Thamista iliyo kwenye vidhibiti vingi vya bei nafuu ina omu 10,000 (omu ni kipimo cha ukinzani) kwenye nyuzi 25. Kwenye barafu inayoyeyuka, nyuzi 0, ina kama omu 33,600. Kwenye 37.5 imebaki na kama 5,870, na kwenye 100 haifiki hata 700. Maana yake ni kwamba nyuzi moja kwenye barafu ni mabadiliko ya omu 1,780 hivi, kwenye chumba cha nyuzi 25 ni 444, na kwenye joto la yai ni 240 tu. Wepesi wa sensa kuhisi joto unabadilika kufuatana na joto lenyewe. Fundi wa kwanza alifanya kazi kana kwamba hilo halipo.

Nikasaga barafu, nikaijaza kwenye chupa ya chai, nikaongeza maji kidogo, nikatumbukiza sensa na kukoroga taratibu mpaka namba ikatulia. Ilipaswa kusoma 0. Ilisoma 4.8. Kwenye hewa ya chumba, nyuzi 20, ikasoma 22.2, sawa na alivyoona mwenzangu. Kisha nikaweka maji ya uvuguvugu kwenye chupa ileile, nikayarekebisha mpaka vipimajoto viwili vya homa, kimoja cha kioo na kimoja cha betri, vikakubaliana kwenye 37.5. Sensa ikasoma 38.7.

Makosa matatu: 4.8, 2.2, 1.2. Yanapungua kadiri joto linavyopanda. Hapo sikuhitaji kubahatisha tena, kwa sababu mpangilio huo una chanzo kimoja kinachoeleweka. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye kikofia na kufungua njia ya pili ya umeme kati ya nyaya mbili za thamista. Njia hiyo ilikuwa na ukinzani wa kama omu 120,000. Kwenye baridi, thamista yenyewe ina ukinzani mkubwa, hivyo umeme unaopita pembeni ni sehemu kubwa ya hesabu. Kwenye joto, thamista inapitisha umeme kwa wingi, na njia ya pembeni inakuwa si kitu sana. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilithibitisha: kwenye barafu nilipata omu elfu 26 na kitu badala ya 33,600. Nilipokikata kikofia, gundi ya ndani ilikuwa imeachana na ukuta wa chuma, na shaba ya waya mmoja ilikuwa na ukungu wa kijani kibichi.

Sasa rudi kwenye awamu mbili na utaona kila kitu kinakaa mahali pake. Awamu ya kwanza, bila sahihisho, sensa ilisoma 37.7 wakati hewa ilikuwa 36.5. Balbu zilizimwa mapema kila mara. Awamu ya pili kidhibiti kilikuwa kinaondoa 2.2 kwenye kosa ambalo kwa joto lile ni 1.2 tu au pungufu. Hivyo kioo kilipoonyesha 37.7, hewa ilikuwa kama 38.8. Sahihisho lililopimwa asubuhi ya baridi kwenye mashine iliyozimwa liliigeuza mashine ya baridi kuwa mashine ya joto.

Nitaje na kasoro ya upande wa pili, kwa kuwa nakutana nayo mara kwa mara na ni hatari kuliko hii. Kiungio cha waya kikiota kutu, ukinzani unaongezeka kwenye mstari badala ya kuvuja pembeni. Omu 240 za ziada kwenye barafu hazileti hata nyuzi 0.2 za kosa. Kwenye joto la yai zinaleta nyuzi 1 nzima, na sensa inasoma chini, kwa hiyo mashine inaendelea kuchoma. Sensa ya namna hiyo itafaulu mtihani wa barafu na kuua mayai yako. Ndiyo maana mimi siridhiki na kipimo kimoja. Barafu inakuambia kama kuna mvujo, na maji ya 37.5 yanakuambia ukweli wa mahali yai linapoishi. Wapo wanaopenda kupima na maji yanayochemka. Kwa Iringa hiyo si njia, kwa sababu kwenye mwinuko wetu maji huchemka karibu na nyuzi 95, na mtu atasahihisha kitu ambacho hakijaharibika.

Tuje kwenye yai.

Michakato ya uhai nayo inafuata mkunjo, yaani mabadiliko yasiyokwenda kwa hatua sawa, wa aina moja na wa thamista. Svante Arrhenius aliueleza mwaka 1889 kwa kasi ya mabadiliko ya kemikali: kupanda kidogo kwa joto kunaongeza sana idadi ya molekuli zenye nguvu ya kuvuka kizuizi. Tofauti iko kwenye ukali wa mkunjo. Ukiongeza nyuzi 10 kwenye joto la yai, thamista hii inapitisha umeme kama mara 1.5. Kazi nyingi za chembe hai zinakwenda mara mbili hadi tatu. Kwa lugha ya mfugaji, kiinitete kinahisi kosa la joto kuliko sensa iliyowekwa kukilinda. Nyuzi 1.2 pungufu tangu siku ya kwanza zinatosha kuchelewesha ukuaji kwa siku moja hadi mbili, na ndicho hasa kilichoonekana siku ya 22 na 23. Ukuaji haucheleweshwi kwa usawa pia. Viungo vingine vinakwenda mbele, vingine vinabaki nyuma, na kiini cha njano ambacho kilipaswa kuvutwa ndani ya tumbo kabla ya kutoka kinakuta mwili hauko tayari kukipokea.

Lakini jambo ambalo vitabu vidogo vya ufugaji hulipita haraka ni kwamba kiinitete cha siku ya 3 na cha siku ya 18 si kiumbe kimoja mbele ya joto. Wiki ya kwanza, yai linapokea joto tu. Halina la kwake, na uvukizi wa maji kwenye ganda unalifanya liwe baridi kidogo kuliko hewa inayolizunguka. Ukilipoza kwa muda mfupi linasimama, ukilipasha linaendelea. Ndiyo maana kuku anaweza kunyanyuka kwenye kiota akale na kurudi bila hasara. Joto kupita kiasi katika siku hizo ndilo lenye gharama, maana ubongo, macho na moyo vinaundwa na kosa halirekebishiki.

Kuanzia kama siku ya 9 au 10 mambo yanageuka. Kifaranga sasa kinachoma chakula cha kutosha kiasi kwamba joto lake linazidi lile linalopotea. Yai linakuwa na joto kuliko hewa. Ikifika siku ya 18 kila yai lililo hai linatoa zaidi ya sehemu ya kumi ya wati moja, na mayai 200 yakiwa pamoja yanatoa karibu wati 25, sawa na balbu ndogo ya ziada ambayo kidhibiti hakina swichi yake. Feni ikiwa dhaifu au trei zikiwa zimebanana, ganda linaweza kuzidi hewa kwa nyuzi 1 au zaidi. Kinachotakiwa ni ganda lenye kama nyuzi 37.8 tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo hewa ileile ya 37.7 ambayo ni nzuri siku ya 5 inaweza kuwa nyingi siku ya 17.

Weka hilo juu ya mashine ya awamu ya pili. Hewa 38.8, mayai yanaongeza yao, ganda linakaribia 40. Kifaranga ndani hakina manyoya makavu ya kukikinga wala mapafu yaliyoanza kazi ya kuhema na kutoa joto. Njia yake pekee ni kulisukuma joto kupitia ganda kwenda kwenye hewa, na hewa yenyewe imeshakuwa ya moto. Waliotoka siku ya 19 ni wale walioharakishwa. Waliobaki walikufa wakiwa kamili, na ndiyo maana siku ya 18 tochi ilionyesha mayai hai na siku ya 21 hayakutoka.

Na kope la mama? Hili nalipa uzito, kwa sababu katika kisa kizima hicho ndicho kipimo pekee kilichosema kweli kwa wakati. Ngozi yetu inahisi joto kupitia protini zinazokaa kwenye utando wa neva kama milango: joto likifika kiwango fulani mlango unafunguka na neva inapeleka taarifa. Mmoja wa milango hiyo, unaoitwa TRPV1, ulitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius huko California, kwa kutumia ule ukali wa pilipili. Unafunguka karibu na nyuzi 43, na ni huohuo pilipili inaoufungua. Ndiyo maana kinywa kinaungua bila moto. (Mlango huo kwa ndege haujali pilipili, ndiyo maana kuku wako wanazidonoa bustanini bila wasiwasi.) Mwaka 2021 Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti huu wa hisia za joto na mguso. Milango hii ni mikali kuliko thamista kwa mbali: kwa nyuzi 10 kazi yake inaweza kuongezeka zaidi ya mara 20. Chatu wetu wa Afrika, mwenye vishimo vya joto midomoni, anatumia mlango wa jamii hiyohiyo kumwona mnyama mwenye damu moto gizani.

Fundi wa kwanza alikuwa na hoja moja ya haki: ngozi inabadilika. Mkono uliotoka kwenye maji ya baridi utaona uvuguvugu ni moto, na ngozi iliyobabuka kwa jua itaona maji ya kawaida yanachoma, kwa kuwa uvimbe unashusha kiwango cha kufunguka kwa milango. Mtu hawezi kusema "hili ni 38.4" kwa kope. Ila mama hakuwa anataja nyuzi. Alikuwa analinganisha. Alifanya jaribio lilelile, saa ileile ya alfajiri, kwenye baridi ileile ya Iringa, awamu iliyotangulia na miezi kabla yake, na mara hii jibu likatoka tofauti. Waendeshaji wa matanuri ya mayai ya asili nchini Misri wamepima mayai kwa kope kwa vizazi vingi, bila kioo wala waya. Mtu mwenye mazoea akisema yai linachoma, wajibu wa fundi ni kuchukua kipimajoto cha pili na kwenda kuangalia, na simu ile ingepokelewa hivyo, sehemu ya awamu ya pili ingeokolewa.

Tulichofanya baada ya hapo hakikuwa na gharama kubwa. Sensa mpya, iliyopimwa kwenye barafu na kwenye 37.5 kabla ya kufungwa. Mdomo wa kikofia, pale waya unapoingilia, niliuziba kwa gundi ya maji mawili na kuuvika mpira unaobana ukipashwa moto. Nikaining'iniza usawa wa mayai, katikati ya sanduku, mbali na balbu na mbali na mvuke wa beseni. Karibu yake nikafunga kipimajoto cha kioo kinachoonekana dirishani, kisichotegemea kidhibiti kwa lolote, na nikamwomba mama aviangalie vyote viwili kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Sensa kamwe isichovywe. Inafutwa kwa kitambaa chenye dawa, basi.

Kuhusu joto, tuliweka 37.6 mwanzoni. Kuanzia siku ya 12 tukaanza kupima ganda lenyewe, kwa kulaza kipimajoto cha homa kati ya mayai mawili yaliyo hai katikati ya trei na kuyafunika kwa kitambaa hadi namba itulie. Ganda lilipopita 38, hewa ilishushwa kidogo na matundu ya juu yakafunguliwa zaidi. Siku tatu za mwisho hewa ilikuwa karibu na 37.2. Namba hizi ni za mashine yenye feni. Mashine isiyo na feni ina hewa ya tabaka, juu moto na chini baridi, na hupimwa usawa wa juu wa yai kwenye joto la karibu nyuzi moja zaidi. Asichukue mtu 37.2 ya hapa akaiweka kule.

Awamu ya tatu ilianza kutoboa jioni ya siku ya 20 na ikamaliza siku ya 21. Vitovu vimefunga, matumbo ya kawaida, vinasimama vikikauka. Mayai yaliyokuwa upande wa mlango yalichelewa saa kadhaa nyuma ya mengine, na kipimajoto kilionyesha pale pako chini kwa nusu nyuzi, kwa sababu mpira wa mlango umechoka na feni haivuti hewa mpaka kwenye kona ile. Mpira umeshabadilishwa. Feni kubwa kidogo itafungwa kabla ya mayai mengine kuingia.